Mjomba Hakuulizwa

Sisi Wapare tunasemwa kwamba tukiibiwa kuku tutauza ng'ombe ili tuifuatilie kesi ya kuku. Baba yangu, Erasto Mshana, aliyeletwa Mtwara na kazi ya bandari akazeekea hukohuko, alikuwa akicheka kila majirani zetu wa Rahaleo walipomtania hivyo, kisha anawajibu kuwa kuku ni kuku na haki ni haki. Mimi, Magreth, binti yake wa pekee, nikaenda kuisomea hiyo haki. Nikawa wakili, nikawa mhadhiri wa chuo kikuu, nikaandika kitabu kuhusu kesi moja ya Mtwara, na kitabu kile kikanipa cheo, safari na jina. Miaka kumi na mitatu nilikula matunda ya kesi hiyo. Kisha msichana wa mwaka wa pili akaniuliza swali moja darasani, na tangu siku hiyo sijaweza kukifungua kitabu changu bila kuona haya.

Nianze na kesi yenyewe.

Kijiji cha Nakalola kiko mbele ya Mahurunga, karibu na pale Mto Ruvuma unapoingia baharini. Julai 1992 vijana wawili waliokuwa marafiki tangu jandoni, Kassimu na Omari, walikuwa wakisafisha mashamba ya mikorosho yaliyopakana. Kassimu alichoma majani makavu, moto ukavuka upande wa pili na kuunguza mikorosho mitatu ya Somoe, mama yake Omari. Wakagombana. Kassimu akampiga mwenzake kwa mpini wa jembe, mara moja tu, kichwani. Alipomwona ameanguka alimbeba mgongoni kuelekea zahanati, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na Omari akakata roho akiwa mgongoni mwake kabla hawajafika. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Somoe hakuwa na mtoto mwingine.

Kassimu alikaa mahabusu miaka miwili kwa shitaka la kuua kwa kukusudia, ambalo adhabu yake ni kunyongwa. Mahakama Kuu wakati ule ilikuwa ikija Mtwara kwa vikao. Jaji anafika, anasikiliza kesi wiki mbili tatu, anaondoka, na mtu ambaye kesi yake haijafikiwa anarudi mahabusu kusubiri kikao kingine. Agosti 1994 mimi nilikuwa nyumbani likizo, mhadhiri msaidizi mwenye leseni mpya ya uwakili na kiburi kipya pia. Mawakili walikuwa wa kutafuta kwa tochi, hivyo msajili akanipangia mimi kumtetea Kassimu.

Nilimkuta kijana mwembamba, ametulia, hana hata swali moja kuhusu kitanzi. Alichotaka ni kusema.

"Dada wakili," alianza, hata sijakaa vizuri, "nilipombeba Omari, njiani, aliniambia neno."

"Usiniambie," nilimkatiza.

Nilikuwa na sababu, na nitaieleza ingawa leo hainisaidii kitu. Maneno ya mtu anayekufa ni ushahidi mzito mahakamani. Kama Omari alisema "Kassimu, umeniua", na mimi nikalijua neno hilo, nisingeweza tena kusimama mbele ya jaji nikadai kinyume chake. Tunafundishwa hivyo, nami nimewafundisha wengine hivyo: asilolijua wakili haliwezi kumponza mteja. Nilimwambia Kassimu aliache neno hilo, si la kesi hii. Akasema, "Basi nitamwambia mama yake." Nikamjibu kwamba akitoka atamwambia. Nilijiona nimejibu vizuri sana.

Wakili wa serikali alikuwa mtu mwelewa. Alikubali shitaka lishushwe liwe la kuua bila kukusudia. Jaji naye, mzee mpole aliyebakiza miezi michache kustaafu, alituita sote wawili akasema kwamba kama familia hizi zingepatana kabla hajaondoka, yeye asingeona haja ya kumfunga kijana aliyembeba mwenzake. Hiyo ilikuwa Jumanne. Alikuwa anaondoka Ijumaa.

Nilikimbia, jamani. Baba aliniombea lori la rafiki yake wa bandarini, nikaenda Nakalola mwenyewe Jumatano, na Alhamisi asubuhi nikawa nimewafikisha mjini watu kumi na wawili wa pande zote mbili. Mama yangu alinipa mkeka wake wa sebuleni. Tuliutandika nyuma ya jengo la mahakama, upande wenye kivuli, na askari magereza wakamleta Kassimu. Aliketi ameinamisha kichwa. Wazee wa kwao wakamwombea radhi. Baba yake Omari, mtu wa maneno machache, akasema amesikia na ameridhika.

Somoe alikuwa amekaa pembeni, amejifunga kaniki ya msiba, mwanamke mdogo wa umbo mwenye mikono mikubwa ya kulima. Nilipompelekea karatasi ili aweke dole gumba hakuipokea.

"Njomba wake hayupo," aliniambia.

"Mjomba wa nani, mama?"

"Wa Omari. Kaka yangu Rashidi. Yuko ng'ambo ya nto, kwenye mpunga wake. Alipomzika ntoto alisema, Kassimu akitoka, maneno yasemwe mbele yake."

Nilimuuliza Rashidi akiitwa leo atafika lini. Akahesabu kwa vidole, njia ya kwenda na ya kurudi na maji ya mtoni, akasema siku nne. Niliandika kwenye daftari. Siku nne! Jaji angekuwa Dar es Salaam anakunywa chai, na Kassimu angekuwa amerudi mahabusu mpaka Februari, akikutana na jaji mwingine asiyejulikana ana moyo gani.

"Mama," nilimwambia, nikimwonyesha mumewe, "baba yake si huyu hapa? Baba yake yupo. Anatosha."

Mimi ni Mpare. Kwetu mtoto ni wa baba na ukoo ni wa baba, na mjomba ni mtu wa kukuletea zawadi. Lakini nilizaliwa Mtwara. Nilicheza rede na watoto wa Kimakonde, nikala kwao, nikawasikia mara mia wakisema wanakwenda kwa njomba kwa heshima ileile ambayo sisi tunasema tunakwenda kwa baba. Nilijua kwamba kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na kwamba mwenye sauti juu yake, wa kumtahirisha na kumwoza na kumzika na kumdai, ni kaka wa mama. Nilijua kabisa. Siku ile sikukumbuka kwa sababu sikupenda kukumbuka.

Somoe alimtazama mumewe, akanitazama mimi, akatazama askari waliosimama. Hakusema kitu tena. Aliweka dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Katika kitabu changu, ukurasa wa arobaini na moja, nimeandika hivi: "Mama wa marehemu aliridhia kwa ukimya."

Ijumaa asubuhi jaji akamwachia Kassimu kwa masharti kwamba asifanye kosa lolote na amsaidie Somoe kulima mikorosho yake. Kassimu alilia kizimbani. Mimi nililia kwenye benchi la mawakili, mpaka wakili wa serikali akanipa kitambaa chake. Nyumbani baba alichinja kuku, akasema hii ndiyo kesi ya kuku iliyoisha vizuri.

Kazi yangu yote ilisimama juu ya mkeka ule. Niliandika makala, halafu tasnifu, halafu kitabu, nikieleza haki ya upatanisho: kwamba mkosaji na aliyekosewa wakae pamoja watengeneze kilichovunjika, badala ya serikali kumfunga mmoja na kumsahau mwingine. Bado naamini hivyo. Nilialikwa kuzungumza mbele ya majaji na mapolisi, nchi hii na nchi nyingine, na kila mahali niliusimulia mkeka wa mama yangu, na kila mahali watu walinipigia makofi. Sikurudi Nakalola hata mara moja. Nilikuwa na shughuli.

Machi 2007 nilikuwa nikiusimulia kwa mara ya ishirini au thelathini, mbele ya darasa la watu themanini, msichana mmoja aliponyoosha mkono. Anaitwa Mwanahawa, wa Magomeni, Mtwara mjini. Alikuwa mkimya, sikumbuki kama alikuwa amewahi kuuliza kitu.

"Mwalimu, na mjomba alisema nini?"

"Mjomba hakuwepo."

Alishusha mkono, akafunika kalamu yake. "Basi bado, mwalimu."

"Bado nini?"

"Bado hawajapatana."

Darasa likacheka. Na mimi nilicheka, lile cheko la mtu mzima anayemwonea huruma mtoto. Mwanahawa hakucheka, wala hakubishana, akaendelea kunitazama kama anayengoja nikumbuke kitu nilichokiacha nyumbani. Nilimaliza kipindi vibaya. Nilipofika ofisini nilifungua kabati nikatafuta daftari langu la 1994, na ndani yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nikakuta: "Mama anasema njomba hayupo. Siku 4." Maneno hayo nilikuwa nimeyapiga mstari, yafutike.

Julai, mitihani ilipokwisha, nilikwenda Nakalola.

Nilimkuta Kassimu shambani kwa Somoe. Alikuwa na miaka thelathini na kitu tu, lakini nywele za pembeni zilikwishakuwa nyeupe. Alikuwa akikusanya majani makavu chini ya mikorosho, anayabeba kwa mikono miwili na kuyapeleka mbali kwenye shimo. Watu wote wa pande zile huyachoma. Kassimu hachomi.

"Shikamoo, dada wakili," alisema. Alinitambua upesi kuliko nilivyomtambua.

Tulikaa kwenye gogo. Nilimuuliza habari za Somoe, akaniambia anaumwa kifua na miguu inavimba. Nikamuuliza wanaishije. Akanionyesha kisiki kilichokuwa karibu na njia, juu yake kuna kata ya maji imefunikwa kwa jani.

"Ananiwekea pale kila siku ninayokuja. Akiondoka ndipo naenda kunywa."

"Hamsalimiani?"

"Hawezi. Mwenye msiba haongei na mwenye kosa mpaka njomba asikie maneno. Njomba hajasikia."

"Miaka kumi na mitatu, Kassimu?"

"Ndiyo."

Nilimuuliza kama ameoa. Akatabasamu bila furaha. "Nani atanipa nke? Mimi ni ntu ambaye shauri lake halijaisha."

Hapo hasira ikanipanda, sijui ni hasira dhidi ya nani, nikamwambia kwa sauti kubwa kwamba shauri liliisha, nilikuwepo, jaji aliandika. Kassimu aliitikia kwa kichwa, kwa adabu yake ileile ya mahabusu. "La mahakama liliisha, dada. La kwetu halijaanza."

Somoe alinipokea barazani. Alikuwa amevaa kaniki. Si kaniki ile ya 1994, hapana, lakini kaniki, na kichwani kitambaa cheusi. Mumewe alikuwa amekwishafariki. Aliniuliza habari za baba yangu, nikamwambia naye ametangulia, akasema pole, mwanangu, alitupa lori. Nilitamani anitukane. Niliyaita maneno yangu yote ya kitaalamu yanisaidie, hayakuja, nikamuuliza tu nini kilitokea baada ya sisi kuachana.

"Rashidi alikuja mwezi wa kumi," alisema. "Akaniuliza, nani kapokea maneno ya ntoto? Nikamwambia, baba yake, mbele ya serikali. Akasema, kumbe mna serikali, basi nendeni na serikali. Mimi sina dada. Akavuka nto. Hajarudi."

Alieleza yaliyobaki kama anayeeleza hali ya hewa. Msiba wa Omari haukuondolewa, kwa kuwa wa kuuondoa ni mjomba. Kwa hiyo yeye hajakaa kwenye harusi ya mtu, hajaingia kwenye ngoma ya mwali hata mmoja, wala kuvaa kanga ya rangi. Wanawake wenzake wanamheshimu na wanamkwepa. Mwanamke wa kwao asiye na kaka, alisema, ni nyumba isiyo na mlango wa nyuma.

"Mama, kwa nini hukuniambia siku ile?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Nilikwambia, mwanangu."

Nililia pale barazani kwa aibu, na yeye mwenye msiba akawa ndiye wa kunibembeleza. Nilipotulia aliniambia kitu kimoja zaidi. Alikuwa na neno la kumuuliza Kassimu. Amelikalia tangu siku walipomletea mwili. Hafikirii kama atafika mvua za mwaka ujao, na hataki kwenda nalo kaburini, lakini hawezi kufungua mdomo kwa Kassimu mpaka Rashidi aufungue.

"Neno gani, mama?"

"La kumuuliza yeye. Si wewe."

Nilimwahidi kwamba nitamleta Rashidi. Aliitikia kama mtu anayeitikia ahadi za wageni.

Kassimu alinisindikiza mpaka ukingoni mwa mto. Yeye mwenyewe hakuvuka. Mwenye kosa haendi kwa mjomba bila kuitwa. Tulingoja maji yajae, kwa kuwa yakipwa mtumbwi hukwama kwenye michanga ya katikati na viboko hujitokeza, halafu mvushaji mmoja akanipeleka upande wa Msumbiji. Kutoka hapo ni mwendo wa siku nzima kwa miguu na baiskeli ya kubebwa. Njiani nilihesabu mwenyewe. Kwenda na kurudi, pamoja na kungoja maji, ni siku nne kamili. Somoe alikuwa sahihi kwa vidole vyake.

Rashidi alikuwa mzee mrefu, kofia ya kiua kichwani, jicho moja limeingia ukungu. Alikuwa anasuka tenga. Watu wake walinipa kigoda, yeye akaendelea kusuka.

"Wewe ndiye serikali?" aliniuliza.

Ningeweza kumweleza tofauti ya wakili wa utetezi na serikali. Nimewahi kuitolea mihadhara mitatu. "Ndiyo, mzee," nilimwambia. "Ndiye mimi."

"Unataka nini?"

"Nimekuja kuomba radhi. Dada yako alisema usubiriwe, mimi nikakataa."

Mikono yake ikasimama.

"Watu wanasema mimi nilikataa kusamehe," alisema hatimaye. "Sikukataa. Sikuulizwa. Yule kijana nilikuwa nimekwishamsamehe tangu makaburini. Ntu anayetaka kuua habebi maiti saa mbili. Nilikuwa nangoja aje aseme kwa mdomo wake, na mimi niseme kwa mdomo wangu, dada yangu avue kaniki, basi. Nikaja nikakuta karatasi." "Mimi ndiye niliyempa Omari jina. Mimi nilimshika jandoni. Unajua ilivyo kuambiwa ntoto wako amekwishasemewa?"

Nikashuka kwenye kigoda nikakaa chini, kwenye vumbi, kwa sababu sikuona pengine pa kukaa. Nikamweleza kuhusu jaji na Ijumaa na Februari. Alinisikiliza mpaka mwisho, nikaona kwamba ananielewa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Ulimhurumia kijana," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Hukukosea kumhurumia." Akaokota ukindu. "Lakini kwa ajili ya siku nne umeninyima dada yangu miaka kumi na mitatu."

Kesho yake alfajiri alikuwa amesimama nje, fimbo mkononi.

Mkutano ulifanyika uani kwa Somoe baada ya sala ya adhuhuri, siku moja baada ya kufika kwetu. Kaka na dada walikuwa wamekutana jana yake. Walishikana mikono wakakaa hivyo mpaka sisi wengine tukaona tuondoke. Sasa mkeka ulitandikwa, mkeka wa Somoe mwenyewe, umechakaa pembeni. Mimi nilikaa nyuma na wanawake. Daftari lilikuwa mkobani na sikulitoa.

Kassimu aliketi mbele ya Rashidi, akasema maneno yake. Hakuyapamba. Alisema, moto ulikuwa wangu, mpini ulikuwa wangu, mkono ulikuwa wangu, nilimpenda na nikamuua. Rashidi aliuliza kama kuna mtu mwingine aliyemtuma. Akajibu hakuna. Akauliza kama ana kinyongo na marehemu. Akajibu hana. Basi mzee akachota unga mweupe wa mtama kwenye ungo, akamwekea Kassimu kiganjani, unga mwingine akampaka dada yake kwenye paji la uso. Wanawake wakamwingiza Somoe ndani. Alipotoka alikuwa amevaa kanga nyekundu na nyeupe, mpya, bado ina mikunjo ya dukani, na alitembea kwa haya kama bibi harusi. Watu wazima walikuwa wanafuta machozi. Nilidhani nimeuona mwisho, na moyoni, Mungu anisamehe, nilikuwa nimekwishaanza kuiandika sura mpya ya kitabu.

"Dada," Rashidi alisema, "mdomo wako uko wazi."

Somoe aliketi mkekani, akamgeukia Kassimu. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu 1992.

"Kassimu," alisema. "Ulimbeba ntoto wangu. Alisema nini mgongoni mwako?"

Kassimu alifungua mdomo.

"Mama, alisema neno."

"Neno gani, baba?"

"Nilikuwa nalo. Kule mahabusu nililisema kila siku moyoni lisipotee. Nilipotoka nikaendelea kulisema, hapa, chini ya mikorosho yako, nikingoja uniulize. Mwaka wa tano, wa sita, likaanza kuchanganyika na maneno yangu. Naota anasema hivi, naota anasema vile. Sasa sijui lipi lake na lipi langu." Alikuwa analia bila sauti. "Naweza kukwambia neno zuri, mama. Lakini nitakuwa nakudanganya, na leo nimekalia mkeka."

"Aliniita?"

"Sijui, mama. Nadhani alikuita. Sijui."

Somoe alikaa na mikono yake mikubwa juu ya kanga mpya. Halafu akageuza kichwa taratibu mpaka akanipata mimi, kule nyuma kwa wanawake.

"Mwalimu," alisema, bila ukali wowote. "Wewe uliandika kila kitu. Hilo hukuliandika?"

Ningeweza kusema hapana, nikaishia hapo. Lingekuwa jibu la kweli, na hata mahakamani lingepita.

"Alitaka kuniambia, mama," nilisema. "Nilimkataza."

Alitikisa kichwa kidogo, mara mbili, kama mtu anayepokea habari ya mauti ya mtu aliyekuwa akiumwa siku nyingi. Hakunilaani. Aliinuka kwa shida, akaenda mtungini, akachota maji kwa kata. Hakuyaweka kisikini. Alimpa Kassimu mkononi, akasimama mbele yake mpaka akamaliza kunywa.

"Kesho usije shambani," alimwambia. "Pumzika."

Somoe alifariki Novemba mwaka uleule, kabla mvua hazijakolea, akazikwa na kaka yake. Nilipata habari kwa simu kutoka kwa Kassimu, ambaye sasa ana mke. Katika chapa mpya ya kitabu niliifuta ile sentensi ya ukurasa wa arobaini na moja, mahali pake nikaandika alichonijibu barazani: "Nilikwambia, mwanangu." Na kila mwaka, nikifika kwenye kesi ya Nakalola, yuko mwanafunzi anayeniuliza Omari alisema nini akiwa mgongoni. Ninamwambia kwamba yuko mtu aliyelijua neno hilo, na Agosti 1994 alitaka kulisema, na wakili wake akamwambia anyamaze.